Ngitili ya Maji

Mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi katika mambo ya lile dimbwi, na anayejidai anajua namwona mwongo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwepo tangu gari la mradi lilipokwama kwenye mchanga wa mto mpaka siku tuliyomzika mama mkwe wangu, na bado naligeuza jambo hili huku na huku, sipati pa kulishikia.

Mto Simiyu ukipita hapa kwetu Nkoma huwa mto kwa miezi michache tu. Kiangazi kikishika unabaki mchanga, na maji yanajikusanya kwenye mashimo. Kubwa kuliko yote ni dimbwi la kwa Luhaga. Luhaga alikuwa mume wangu, Mungu amrehemu. Dimbwi halikuwa lake, mto si wa mtu, lakini limepakana na ngitili yetu, na watu huita mahali kwa jina la aliye karibu.

Kwa asiyekuwa Msukuma, ngitili ni kipande cha malisho ambacho mwenye mji hukifunga mvua zikianza. Hakuna uzio. Unafunga kwa neno lako na jirani anaheshimu, na asiyeheshimu anaitwa mbele ya dagashida, baraza letu la kijiji, atajuta. Kiangazi kikiuma na nyasi zikiisha kote, ngitili inafunguliwa. Nayo haifunguliwi ovyo. Wanaingia kwanza ndama, wagonjwa na ng'ombe wanaonyonyesha. Madume yanasubiri nje yakilia mpaka hao washibe. Mimi kazi hiyo nimeifanya tangu nilipoolewa, na tangu Luhaga afariki naifanya peke yangu.

Sasa akaja Josia. Kijana wa mradi wa kuhifadhi viumbe vya mtoni, ofisi yao ipo Bariadi mjini, ana adabu, ana viatu visivyofaa kwa udongo wetu. Alituita kwenye ghala la pamba, akafunga milango ili kuwe na giza, akatuonyesha filamu ukutani. Tukaona mto wa nchi za mbali, mpana hata ng'ambo haionekani, na ndani yake mnyama wa rangi ya majivu mwenye mdomo mrefu kama mwiko. Josia akasema huyo ni pomboo wa mtoni, na kwamba wanakwisha. Wanakufa kwenye nyavu, wanakufa kwa maji machafu, na wakiisha hawarudi. Wenzetu wa huko wamewatengea sehemu ya mto ili wazae kwa amani. Halafu tukaona mama pomboo anajilaza ubavu na mtoto wake anasogea chini ya tumbo.

"Samaki ananyonyesha?" akauliza Joyness, mkwe wa mzee Mayige. Naye alikuwa na mimba kubwa wakati ule.

"Si samaki, dada. Ni mnyama. Anazaa na kunyonyesha kama ng'ombe."

Wanawake tukaguna wote kwa pamoja. Mzee Mayige, ambaye ndiye mtemi wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, hapa kijijini, na neno lake ni zito kuliko la mwenyekiti, akasimama na fimbo yake.

"Tumemwona. Sasa huyo mnyama unatuletea lini?"

"Simleti, mtemi. Huku kwenu hakuna pomboo. Pomboo wenu ninyi ni fisi maji."

Ghala likacheka. Fisi maji tunamjua sote. Ni mnyama mweusi anayeteleza, mkia mnene, mwizi wa kambale kwenye mitego. Wako wanaosema ni mnyama wa wachawi kwa kuwa ana jina la fisi. Josia akaeleza sana, kwamba kila mto una mnyama wake anayeonyesha kama maji yana uzima, kwamba fisi maji wamebaki wachache, na familia mojawapo ipo kwenye dimbwi la kwa Luhaga. Watu wakamtazama tu. Nikamwona anatafuta maneno, jasho linamtoka. Ndipo akasema lile neno.

"Tunaomba mlifunge dimbwi. Hakuna kuvua. Ni kama ngitili yenu, ila hii ni ngitili ya maji."

Loo! Ghala zima likapiga makofi. Sijawahi kuona mkutano ukaisha kwa wepesi namna ile. Kama ni ngitili, kuna la kubishania? Mayige mwenyewe akatangaza dimbwi limefungwa, na kwa kuwa linapakana na kwangu, mwenye kulitunza awe Generoza. Generoza ndiye mimi. Josia akanishika mkono kwa mikono miwili, na mimi nikaona fahari.

Wiki iliyofuata wakaja kusimika kibao. Kibao chenyewe kilikuwa na picha ya pomboo. Josia akasema kwa aibu kwamba vilichapishwa vingi kwa ajili ya wale wa nchi za mbali, wakapewa vilivyobaki. Mama mkwe wangu, mayu Shida, yaani mama Shida, wakati huo bado alikuwa anatembea. Akaja na mkongojo wake akasimama mbele ya kibao muda mrefu.

"Generoza, huyu ni nani?"

"Pomboo, mayu."

"Yumo humu?"

"Hayumo."

"Sasa wamemchora wa nini?"

Kibao kile kilimchanganya. Na si yeye peke yake. Wengine walikuja kutoka mbali wakakaa ukingoni kumsubiri atokee. Wengine walisema ameshaletwa kwa siri ndani ya pipa, na ndiye anayemaliza kambale. Ukiwaambia hayumo, wanakutazama kwa jicho la huruma kama unayefichwa jambo kwenye nyumba yako mwenyewe.

Mimi nikabaki na fisi maji wangu. Nasema wangu, na mwanzoni niliwatukana. Nilikaa ukingoni nikimenya karanga, nikawaona wanavyokula. Mama anamshika kambale kwa mikono miwili, anaanzia kichwani, anatafuna kwa kelele kama mtu asiyefundwa. Akimaliza ananawa uso. Baadaye akazaa, chini ya mizizi ya mkuyu, upande ule wenye kina kirefu. Watoto walipoanza kuogelea walikuwa wanaogopa maji, mtoto wa fisi maji anaogopa maji, na mama yao anawasukuma kwa pua wanapiga kelele. Nilicheka peke yangu mpaka nikajiziba mdomo. Akinitazama, ananitazama wima, shingo juu, kama mama mkwe aliyekuja kukagua jiko. Niliwapenda. Sioni haya kusema.

Kiangazi kikafika. Pamba ikauzwa, mto ukakauka, nyasi zikawa za kahawia. Nikafungua ngitili yetu, nikaingiza ndama na ng'ombe waliozaa, kama kila mwaka. Kesho yake asubuhi Mayige akaja na baiskeli.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Akakaa kwenye kigoda, akamuulizia mgonjwa. Mayu Shida alikuwa haamki tena, anakunywa uji kwa kijiko, na anaita majina ya watu waliokufa zamani. Mayige akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Ngitili ya nyasi umefungua. Ya maji unafungua lini? Watoto hawana mboga."

Sikuweza kumkatalia. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa na haki. Tulikubaliana ngitili, na ngitili kiangazi inafunguliwa. Mimi mwenyewe nilipiga makofi ghalani. Lakini nilipofikiria makokoro yakiburutwa chini ya ule mkuyu, nikaona siwezi kukubali. Nikamwomba anipe nafasi nizungumze na mradi.

Nikampigia Josia simu. Alikuwa Dodoma kwenye semina.

"Mama Generoza, usifungue! Lile limefungwa."

"Najua limefungwa. Nauliza linafunguliwa lini."

"Halifunguliwi, mama."

"Mpaka lini?"

"Milele."

Nikaiondoa simu sikioni nikaitazama. Milele ni neno la kanisani. Nikamuuliza, sasa linafungwa kwa ajili gani? Akasema kwa ajili ya viumbe. Na watu je? Na watu pia watafaidika baadaye. Baadaye lini? Akasema nisubiri, wiki ijayo atakuja kutoa elimu. Elimu! Nilitaka kumwambia elimu aliitoa mwenyewe ghalani, tukaielewa vizuri mno, na ndiyo hiyo inayoniua. Lakini nikakata simu kwa heshima, kwa sababu na yeye hakusema uongo. Fisi maji wakiisha hawarudi, nililiona hilo kwenye filamu na niliamini.

Nilipompelekea Mayige jibu, hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mayu, kitu kinachofungwa kisifunguliwe si ngitili. Hiyo ni kunyang'anywa. Na wewe ndiwe uliyetumiwa kama mlango."

"Baba, mimi sielewi kitu."

"Utaelewa kwenye dagashida. Unafungua, au tunakutenga."

Kutengwa hapa kwetu si mchezo. Hakuna anayekusalimia, hakuna anayekuazima jembe, ukipiga yowe la wezi kila mtu anageukia ukuta. Na ukifiwa, unazika mwenyewe. Nikarudi nyumbani nikamkuta mayu Shida amelala, mdomo wazi, kifua kinapanda kwa shida na kushuka. Mikono yangu hii miwili haiwezi kuchimba kaburi kwenye udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, ni mgumu kama saruji. Mwanamke aliyenipokea kama binti yake, niende kumzika na nani? Na wale wadogo chini ya mkuyu, watakimbilia wapi? Nilimlisha uji huku nalia, na yeye akaniita kwa jina la dada yake marehemu.

Siku ya dagashida nilikwenda bila jibu. Naapa sikuwa na hila yoyote. Watu wamejaa uwanjani, wanaume wamekuja na makokoro yamekunjwa mabegani, wana uhakika. Mayige akaniita mbele.

"Generoza, sema mbele ya watu. Unafungua au hufungui?"

Nikawatazama wale wanaume na nyavu zao. Hasira ikanipanda, hasira ya kuchanganyikiwa, ambayo haina adabu.

"Nafungua!" nikasema. "Lakini ninyi mnakuja na makokoro mnakwenda wapi? Tangu lini ngitili ikafunguliwa kwa madume? Nani hapa anaingiza madume kabla ya wanaonyonyesha? Aseme jina lake nimjue!"

Mimi nilikuwa namsema fisi maji. Nilikuwa namwona yeye tu machoni, yule mama na watoto wake. Lakini vicheko vikaanza upande wa wanawake, vikapanda, na Joyness akasimama na mtoto wake mgongoni, hata miezi mitatu hajafikisha.

"Mayu Generoza kasema kweli gete! Tunaonyonyesha ndio wa kwanza. Ninyi madume mtasubiri."

Uwanja ukalipuka. Hata wazee walishika mbavu. Mayige akainamisha kichwa, nadhani anaficha kicheko, kisha akasema ndivyo sheria ilivyo na hawezi kuipinda. Kesho waingie wanawake wanaonyonyesha. Wakishapata mboga ya kuwatosha, wanaume wafuate.

Nilirudi nyumbani sijui kama nimeshinda au nimeuza. Kusahihisha sikusahihisha. Ningesahihisha nini, niwaambie nilikuwa namaanisha mnyama?

Asubuhi wakaja na matenga na vyandarua vikuukuu, wanaimba, watoto migongoni. Nikawaelekeza upande wa mchanga, maji yanapofika magotini. Wakajipanga mstari, wakaanza kuchota. Kambale wakaanza kurukaruka ndani ya matenga, na furaha yao ilinigusa, siwezi kukataa. Walikuwa hawajala samaki tangu masika.

Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mkuyu. Kelele zile alizisikia. Nikaona kichwa kimetokea, kikazama, kikatokea tena. Halafu akapanda ukingoni upande wetu, mdomoni amebeba mtoto, amemshika ngozi ya shingo, mtoto ananing'inia na maji yanamtiririka. Hakuwa na njia nyingine. Upande ule mwingine ni ukuta wa udongo. Ilimbidi apite mbele ya wanawake aingie kwenye ngitili yangu, mahali palipobaki nyasi ndefu.

Joyness alimwona wa kwanza. Akasimama na tenga lake juu. Wimbo ukakatika, mmoja mmoja, mpaka wote wakawa kimya, wamesimama ndani ya maji. Fisi maji akapita mbele yao, tumbo linagusa mchanga, chuchu zinaonekana wazi zimevimba maziwa. Akaingia kwenye nyasi. Akarudi mdomo mtupu. Akapita tena mbele yetu, akazama, akaja na wa pili. Mwili unamtetemeka wote, lakini akapita. Akaenda kumchukua na wa mwisho.

Mtoto wa Joyness akaanza kulia mgongoni. Joyness akamzungusha mbele, akamtia ziwa palepale, amesimama kwenye maji, macho hayatoki kwenye nyasi.

"Huyo ndiye fisi wa wachawi?" akauliza mmoja kwa sauti ya chini.

Wakatoka majini bila kuambiwa. Matenga hayakuwa yamejaa. Wakagawana kile kidogo walichopata, wakakaa juani kukausha kanga zao, na hawakuimba tena. Mimi nilikuwa nalia na sikujua nalilia nini.

Mchana wanaume wakafika na makokoro. Mayige mbele.

"Wanaonyonyesha wamemaliza?"

Joyness akasimama. Kwa desturi zetu mkwe hamtazami baba mkwe usoni, naye hakumtazama. Aliongea akiwa ameelekea kwenye maji.

"Bado, baba. Yupo mmoja bado yumo."

"Nani?"

"Ana watoto watatu. Tumemwona sote. Mpaka amalize."

Mayige akawatazama wanawake wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akatikisa kichwa kukubali. Akanitazama mimi. Nikainua mabega. Akakitazama kibao cha pomboo, sijui alitafuta nini pale. Mwisho akakuna shingo akawageukia wanaume.

"Sheria ni sheria," akasema, lakini kwa sauti ya mtu asiyejua ni sheria gani anayoitaja. Wakarudi na nyavu zao zikiwa kavu. Mmoja alikuwa ananung'unika kwamba tumewafanya wajinga, na sikumlaumu.

Fisi maji alirudisha watoto wake siku chache baadaye. Josia naye akaja, akaona nyayo na magamba ya samaki, akashika kichwa.

"Mama, nilikuambia lisifunguliwe!"

"Limefunguliwa kwa wanaonyonyesha tu."

"Kwa hiyo sasa limefungwa au limefunguliwa?"

"Limefunguliwa. Ila hakuna anayeingia."

Akatazama dimbwi. Mama na watoto walikuwa wanacheza juu ya gogo, mchana kweupe. Josia akacheka kidogo, akaacha, akaniuliza ripoti ataiandika vipi. Nikamwambia hilo ni lake, na mimi nina mgonjwa ndani.

Mayu Shida aliondoka kabla ya mvua, alfajiri, mkono wake ndani ya mkono wangu. Nilimfunga kidevu, nikamnyoosha miguu, nikakaa mlangoni. Sikupiga yowe. Niliogopa kupiga. Kutengwa sikutengwa, lakini wanaume walikuwa wamenikasirikia kiangazi kizima, kwa mboga waliyoiona kwa macho tu, na niliwaza, nikilia nisijibiwe, nitajua tayari mimi ni mtu wa namna gani hapa kijijini. Mwishowe nikalia, kwa sababu maumivu hayangojei ruhusa.

Wa kwanza kuja alikuwa Joyness, anakimbia, mtoto mgongoni. Nyuma yake wanawake wengine na maji na kuni. Kisha nikasikia vyuma vinagongana njiani. Walikuwa wanaume, na majembe na sururu, wengi mpaka ua haukutosha. Mayige alikuwa mbele yao. Walichimba kwa kupokezana kwenye ule udongo mgumu, jua likapanda nao wanachimba, na mimi nikawapelekea maji ya kunywa.

Mayige alitoka shimoni kupumzika, kifua wazi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akapokea kikombe, akanywa chote, akatazama upande wa dimbwi.

"Mayu," akasema, "yule wako ataachisha ziwa lini?"

"Sijui, baba. Kwa kweli sijui."

Akanirudishia kikombe, akashika sururu yake.

"Haya. Tutasubiri," akasema, akarudi shimoni.